GPS, mashine ya samaki, na jioni niliyokaribia kumpandisha mjomba mwambani

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, na safari hii siwezi kusingizia kazi. Nimekuwa nikihangaika na nyaya, fyuzi, betri, na mjomba. Tangu nilipoandika kwamba tumenunua boti ndogo, watu watatu wameniuliza swali lile lile: wewe mtu wa kompyuta, unatushauri tununue mashine gani ya kuonyesha njia na kutafutia samaki? Basi leo najibu. Mnivumilie kidogo tu, maana jibu langu lina aibu ndani yake na siwezi kulitoa bila kuitaja.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 19, injini ya farasi 40, na tunaifunga ndani ya hori la Kilifi. Mimi huandika programu siku tano za wiki, kwa hiyo bahari yangu ni ya Jumamosi. Mjomba ndiye mwenye elimu. Alifanya kazi miaka mingi Malindi kwenye boti zinazopeleka wageni kuvua nduaro na sulisuli, akaanza kwa kuosha deki na kumalizia kwenye usukani. Siku hizi amestaafu, na macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Mchana anaona ukungu, jioni haoni kitu. Kumbukeni hilo.

Nilianza kama mtu wa kompyuta anavyoanza: nilifungua lahajedwali. Mashine kumi na nne, kila moja na mstari wake. Garmin, Lowrance, Humminbird, Simrad, Raymarine, Furuno, wote walikuwemo. Inchi za skrini, ukubwa wa kumbukumbu, ina Wi-Fi au haina, inaongea na simu au haiongei. Nikaipa kila moja alama, nikajumlisha, nikapanga kuanzia juu kwenda chini. Nilipomsomea mjomba matokeo alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akauliza swali moja.

"Zinaona kina gani?"

Sikuwa na safu hiyo!

Ikabidi nirudi kusoma upya. Na nilichogundua ni kwamba mashine hizi hazina uchawi wowote. Ni bildi tu. Wazee walitupa majini kipande cha risasi kilichofungwa kamba wakahesabu pima. Mashine inatupa sauti. Sauti ndani ya maji ya bahari hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo chini ikiwa mita 75, mwangwi unakwenda na kurudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hesabu iliyobaki angeifanya mtoto wa darasa la tano. Kazi yenyewe iko kwenye transdyusa, kile kidude kinachokaa majini nyuma ya boti. Kikipiga sauti nyembamba, kHz 200, unapata picha safi, lakini sauti hiyo huchoka mapema na humulika mahali padogo. Transdyusa yenye mwale wa nyuzi 12 ikiwa juu ya mita 50 inaona duara la upana wa mita 10 hivi. Kikipiga sauti nzito, kHz 50, inashuka mbali sana, lakini inatawanyika. Mwale wa nyuzi 45 kwenye mita zile zile 50 unaona duara la mita 40, na yule chewa unayemwona chini ya miguu yako huenda yuko mita 20 pembeni. Mashine za siku hizi hazikwami kwenye noti moja. Zinapanda kutoka nzito hadi nyembamba katika pigo moja, teknolojia iitwayo CHIRP, na ni kweli picha inatulia.

Sasa tazameni bahari yetu. Ukitoka nje ya mwamba hapa Kilifi, au Watamu, kina kinaporomoka haraka. Hujamaliza chai ya kwanza na tayari uko mahali ambapo sauti nyembamba imeshaanza kukata tamaa. Panda kaskazini upite Malindi na Ngomeni uingie Ghuba ya Ungwana, unakuta bahari ya kina kifupi kwa maili nyingi. Mtu wa huko na mtu wa Kilifi hawahitaji transdyusa moja, hata kama wanatamani skrini moja. Ile niliyokuwa nimeipa alama nyingi kuliko zote ilikuwa na picha za ubavuni zinazopendeza sana kwenye matangazo, mti uliozama unauona na matawi yake. Zinatumia sauti nyembamba mno. Ziwani zinafaa, pengine Naivasha. Kwetu ingekuwa kama kununua tochi ya kumulikia mwezi.

Na kuna jambo ambalo halijaandikwa kwenye boksi la mashine yoyote. Sulisuli haonekani! Yeye yuko juu, karibu na uso wa maji, na wewe unakokota chambo kwa mwendo wa noti 6 au 7, na mashine inatazama chini. Hatujapata hata mara moja kumwona kwenye skrini kabla hajapiga. Kinachotusaidia ni kingo ya mteremko, joto la maji, na ndege. Na Malindi kuna kingo nyingine isiyohitaji umeme: mstari kati ya maji ya kahawia ya mto Sabaki na maji ya buluu. Wakati wa kaskazi tope linasukumwa kusini mpaka mbele ya mji, wakati wa kusi linakwenda upande wa Ungwana, na nguru na kolekole wanapenda kupita pale rangi mbili zinapokutana. Mjomba husema analinusa. Nilikuwa nikicheka, siku hizi sicheki.

(Kwa wale mnaopenda maneno: mkifungua Wikipedia ya Kiswahili mtaona imeandikwa "Urambazaji" pale penye viungo vya kuzungukia kurasa. Wavuvi wetu walikuwa na neno hilo kabla ya kompyuta. Kurambaza ni kuvua huku chombo kinatembea, bila kutia nanga. Kwa hiyo mkiwa mnazurura kwenye mtandao, kwa lugha ya mjomba mnakokota chambo.)

Skrini nitaipitia upesi. Jua la saa sita linaua skrini nyingi, na miwani ile ya kukata mng'ao, ambayo kila mvuvi anaipenda, hufanya baadhi ya skrini kuwa nyeusi kabisa ukigeuza kichwa. Nendeni dukani na miwani yenu. Ya kugusa kwa kidole ni nzuri mpaka kidole kiwe na chumvi na utumbo wa samaki. Sisi tulichukua ya inchi 7 yenye vitufe, kwa sababu moja kubwa: inakubali kuonyesha tarakimu za kina zikijaza nusu ya skrini, na mjomba akisogea karibu anazisoma. Kampuni siitaji. Tatu kati ya zile sita zingetufaa sawasawa, na tofauti zake ni ndogo kuliko tofauti ya kufunga transdyusa vizuri na kuifunga vibaya. Yetu tuliifunga kwanza nyuma ya mfereji wa ubavu unaoleta mapovu, na kila tukiongeza mwendo chini ya bahari ilipotea. Nilikaa usiku mzima nikibadilisha vipimo kwenye menyu. Mjomba aliisogeza sentimita 20 asubuhi, ikapona.

Umeme nao: kama mashine inakula betri ile ile inayowasha injini, kila ukipiga stata skrini inazima na kuanza upya. Wekeni betri ndogo ya pembeni. Fyuzi iwe karibu na betri, waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, na kila kiungio mkipake mafuta mazito. Chumvi haina huruma.

Haya. Aibu sasa.

Watu wa upande wa Malindi hatukupaswa kuwa wageni wa setilaiti. Ni kutoka kwenye majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini pale Ngomeni ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na roketi ziliendelea kuruka pale mpaka 1988. Hata hivyo GPS ilichelewa kuaminika kwetu. Mjomba anakumbuka wageni wa miaka ya 1990 wakija na vifaa vya bei ya nyumba vilivyowaweka juu ya nchi kavu huku wamekaa majini. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakiipotosha kwa makusudi kwa watu wasio wanajeshi, kosa la mita 100 hivi, mpaka walipoacha tarehe 2 Mei 2000. Leo kifaa cha kawaida kinakosea mita chache tu. Mita chache! Kwa hiyo mimi nikaona swali la mahali limekwisha, tuzungumze mengine.

Tatizo ni kwamba kujua ulipo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua jiwe liko wapi. Ramani iliyokuja ndani ya mashine yetu inaonyesha Mombasa vizuri, lakini ukivuta karibu kwenye milango midogo ya mwamba huku kwetu unapata rangi moja ya buluu na tarakimu mbili tatu. Mimi nikajiona mjanja. Nikapata picha ya ramani ya zamani ya Survey of Kenya, ile ya 1:50,000, ambayo inaonyesha ukingo wa mwamba na pengo lake. Nikasoma latitudo na longitudo za mlango wa Takaungu, nikaziingiza kwenye mashine, nikaandika "MLANGO". Nilihakikisha hata muundo wa namba, maana nyuzi 3 na dakika 38.4 si 3.384, ukichanganya hapo umeihamisha Kilifi karibu kilomita 28 mpaka jirani na Watamu. Kosa hilo nalijua, sikulifanya. Nilifanya jingine.

Siku ile tulikuwa tunarudi Takaungu, alikozaliwa mjomba, kwa sababu kulikuwa na harusi. Tulichelewa kwa ajili ya jodari mmoja asiyekubali kupanda. Jua limezama, maji yanakupwa, tena bamvua, na hapa kwetu maji ya bamvua yanaweza kupishana karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Mjomba haoni. Mimi ndiye macho, na mimi macho yangu yako kwenye skrini. Mshale unaelekea MLANGO. Kosa la GPS: mita 4, imeandikwa pale chini. Nilikuwa na amani kabisa.

"Zima," mjomba akasema.

"Mjomba, tuko sawa, bado mita mia mbili hivi..."

"Zima injini, mwanangu."

Nikazima. Bila injini nikasikia alichokuwa akikisikia yeye: mawimbi yakipasuka mbele yetu, moja kwa moja mbele, karibu sana. Alisimama ameshika ukingo, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Wimbi likatuinua likatushusha, na propela ikagusa jiwe. Mara moja tu, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Sijasahau mlio ule. Mjomba akanyoosha mkono kushoto, kusini. "Kule kuna ukimya. Penye ukimya ndipo mlango. Washa, rudi nje kwanza, halafu twende polepole." Tukatoka, tukashuka kusini, na kweli ngurumo ikabaki huku na huku na katikati pakawa kimya. Tukaingia. Mshale kwenye skrini wakati wote huo ulikuwa ukinihimiza nirudi mwambani.

Harusini sikula.

Usiku ule ule nilifungua laptopu. Ilinichukua dakika kumi kumpata mdudu, na alikuwa wangu mwenyewe. Namba za latitudo na longitudo hazina maana peke yake. Zinapimwa kutoka kwenye umbo la dunia ambalo mchoraji amelichagua, ule msingi ambao wapima ardhi huuita datamu. GPS inatumia uitwao WGS84. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa uitwao Arc 1960, na zimeandikwa hivyo pembeni kwa herufi ndogo, sikujali kusoma. Mahali pale pale pwani yetu, misingi hii miwili inatofautiana kwa mita 300 hivi, sehemu kubwa ikiwa kaskazini na kusini. Namba zangu zilikuwa sahihi kwenye karatasi. Kwenye mashine ziliuweka mlango mita 300 kaskazini ya mlango, yaani juu ya mwamba. Mashine haikukosea. Ilinipeleka kwa usahihi wa mita 4 mahali pabaya.

Mimi kazini nimewahi kumgombeza kijana aliyehifadhi saa bila kuandika ni saa za wapi. Ni kosa lile lile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kununua umebadilika. Kabla ya skrini nunueni redio ya VHF, isiyobadilika boti hata mkibadilisha kila kitu kingine, na mjue chaneli 16 inafanya nini. Siku ile sisi hatukuwa na redio, tulikuwa na skrini ya inchi 7. Halafu dira ya kawaida yenye sumaku. Halafu mashine ndogo kuliko mnavyotamani yenye transdyusa nzuri kuliko mnavyoweza. Na mkiwa dukani ulizeni kama inaweza kutoa data zake nje, kwa faili la GPX na kwa waya wa NMEA, kwa sababu ramani nzuri ya milango yenu hamtaiuziwa. Mtaichora wenyewe, mchana, maji yakiwa yamejaa, kwa kupita na kuacha alama mlikopita. Wekeni pia mipaka ya hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968. Ndani ya hifadhi hakuna kuvua, na "mashine haikunionyesha" si jibu la kumpa askari wa KWS.

Mimi nimeunganisha mashine yetu na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. NMEA 0183 ni itifaki ya kizee, herufi 480 tu kwa sekunde, maandishi matupu unayoweza kuyasoma kwa macho, na naipenda kwa hilo. Sentensi moja inaleta mahali, nyingine inaleta kina. Na hii itawafurahisha wazee: sentensi ya DBT inaleta kina kwa vipimo vitatu, futi, mita, na pima. Naam, pima! Waandishi wa itifaki waliiacha humo. Programu yangu inachukua kina, inatoa maji yaliyojaa saa hiyo kwa jedwali la Kilindini, inahifadhi. Bila kutoa maji, mwamba ule ule unakuwa na kina tofauti asubuhi na jioni.

Programu hii sasa ina kazi nyingine. Mjomba ana sehemu zake za kuvulia, na hazijaandikwa popote. Anazijua kwa alama za bara: mbuyu fulani ukikaa juu ya kona ya paa fulani, na upande wa pili mnara wa msikiti ukitokeza nyuma ya minazi, hapo shusha mshipi. Lakini mbuyu mmoja umekatwa ikajengwa nyumba ya wageni. Minazi miwili imekufa. Paa la makuti limekuwa la bati, kisha limekuwa hoteli ya ghorofa. Na macho ndiyo hayo. Kwa hiyo Jumamosi mimi namweleza ninachokiona ufukweni na yeye ananiambia kilichokuwepo, tunasogea, tunabishana, tunarudi nyuma, mpaka chini ya bahari iseme. Sehemu ya kwanza alisema ni pima 40, mwamba kama mgongo wa ng'ombe. Mashine ikasema mita 74, na kwenye skrini mgongo ukainuka. Pima 40 ni mita 73.

"Mashine yako inajua kidogo," akasema.

Mpaka sasa faili lina nukta 23, zote kwa WGS84, na nimeandika hivyo juu ya faili kwa herufi kubwa. Ya 24 anayo, iko nje ya Malindi, ndiko alikopata nduaro wake mkubwa, na amekataa kunionyesha. Si kwa uchoyo, anasema. Atafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mwezi ujao, na hiyo moja anataka aione mwenyewe kwenye skrini nikiiingiza.